Kalunguyeye wa Neema na mpaka wa California

SWALI: Daktari, habari za kazi. Tunaishi Texas, karibu na Dallas. Binti yangu Neema, wa miaka tisa, ameng'ang'ania anataka kalunguyeye wa kufuga kwa sababu rafiki yake darasani anaye. Tumempata mmoja anayeuzwa dola 250. Sasa mwezi wa sita tunahamia San Diego, nimepata kazi ya uuguzi huko. Je, sheria inaruhusu? Nahitaji kibali? Mume wangu anatucheka. Anasema kwao Nakuru wamejaa chini ya ua wa mama yake, kwa hiyo tukienda Desemba tubebe mmoja bure. Nimjibu nini mtoto? Mdogo wake ana miaka mitatu, sijui kama hilo lina uzito. – Mama Neema

JIBU: Mama Neema, kazi ni njema, asante. Nianze na lile litakalouma ili tulimalize: msinunue. Texas haina neno na kalunguyeye wala haikudai kibali, na ukimnunua leo hapo Dallas hujavunja sheria yoyote ya jimbo. Lakini mnyama huyo huyo, siku gari lenu litakapovuka na kuingia California, atakuwa mnyama aliyepigwa marufuku na wewe utakuwa ndiye uliyemwingiza. Halafu yule wa bure wa Nakuru ndiye ghali kuliko wote. Mwambie baba Neema aache kucheka kwanza, nitamfikia.

Tumjue mnyama mwenyewe, maana hata ofisi zinamchanganya. Wengi wetu tukiona miiba tunasema nungunungu. Nungunungu ni mgugunaji, jamaa wa panya, mwenye miiba mirefu ya weupe na weusi, na akikomaa huweza kufika kilo 20. Kalunguyeye hazidi sana nusu kilo, chakula chake kikubwa ni wadudu, na akishtuka hujikunja akawa kama mpira wa miiba. Anayeuzwa Marekani ni kalunguyeye wa vidole vinne, ambaye wanasayansi humwita Atelerix albiventris. Anapatikana kuanzia Senegal, ukanda wote wa Saheli, hadi Kenya na Tanzania na kushuka Zambia. Vidole vinne ni vya miguu ya nyuma. Kwa hiyo mumeo hakosei: ni wa kwetu kabisa. Wa Dallas amezaliwa kizimbani na wazazi wake walizaliwa kizimbani, lakini ukifuata ukoo wake unarudi Afrika, kwa wale waliosafirishwa kabla Marekani haijafunga mlango mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Watu wengi wananiuliza, "Je, kalunguyeye anaruhusiwa Marekani?" Swali hilo halina jibu. Marekani haina sheria moja ya nchi nzima inayosema mwananchi afuge au asifuge kalunguyeye sebuleni. Kila jimbo lina lake, ndani ya jimbo mji unaweza kuwa na lake, na ndani ya mji mwenye nyumba wako ana mkataba wake. Ruhusa ya mmoja haimfungi mwingine. Mfano mzuri ni New York: jimbo halina shida, lakini ukiishi ndani ya Jiji la New York, kanuni za afya za jiji zinamkataza pamoja na wanyama wengine kadhaa, kicheche wa kufugwa akiwemo. Mtu anakaa Yonkers na kalunguyeye wake kwa amani, anahamia Bronx, mwendo wa dakika kumi, tayari amevunja kanuni.

Majimbo yanayokataza moja kwa moja si mengi, ila bahati yenu mbaya mnahamia mojawapo. Georgia na Pennsylvania nazo zimo. Hawaii ndiyo kali kupita zote: kuingiza mnyama aliyekatazwa kunaweza kukugharimu faini ya hadi dola 200,000 na kifungo cha hadi miaka mitatu. Hawaii ni visiwa na wanajua kila kilichoingia kikaharibu, kwa hiyo hawana mzaha. Hata hivyo wana utaratibu wa msamaha: ukimkabidhi mnyama mwenyewe kabla hawajakufuatilia, huadhibiwi.

Tuje California. Kanuni inayowahusu ni kifungu cha 671 katika Kitabu cha 14 cha kanuni za jimbo, kinachoorodhesha wanyama wasioruhusiwa kuingizwa, kusafirishwa au kumilikiwa bila kibali cha idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo. Kalunguyeye wamo, pamoja na kicheche wa kufugwa na hata yule panya mdogo wa jangwani ambaye majimbo mengine anauzwa duka la kona. Neno "kibali" lisikupe matumaini. Vibali hivyo ni kwa watafiti, bustani za wanyama na wenye maonyesho. Kwa mtu anayetaka mnyama wa mtoto wake nyumbani, havitolewi. Nimeshaona watu wakijaza fomu na kulipa ada wakidhani ni suala la karatasi tu. Si la karatasi. Ukikutwa naye, mnyama anachukuliwa, na sheria ya jimbo inatoa nafasi ya faini ya madai kuanzia dola 500 hadi 10,000 kwa kila kosa.

Sijui mtasafiri kwa barabara ipi, lakini kutoka Dallas kwenda San Diego watu wengi huingilia upande wa Arizona. Mkipita barabara namba 10 mtakutana na kituo cha ukaguzi cha Blythe, na mkipita namba 8 mtakutana na cha Winterhaven, ng'ambo tu ya Yuma. California ina vituo 16 vya namna hii mipakani mwake. Kazi yao hasa ni matunda, mimea na wadudu waharibifu, ndiyo maana watakuuliza kama umebeba machungwa. Lakini wanauliza na wanyama pia. Sasa jifikirie: umekaa kwenye gari, Neema yuko kiti cha nyuma na kisanduku mapajani, afisa anakuinamia dirishani na kuuliza, "Mmebeba mnyama yeyote?" Utamfundisha mtoto kunyamaza au kusema uongo?

Kuna jambo jingine watu hawalifikirii. Mnyama anapovushwa kutoka jimbo moja kwenda jingine, serikali kuu inaingia. Sheria ya Lacey, ya tangu mwaka 1900, inafanya kuwa kosa la serikali kuu kusafirisha kati ya majimbo mnyama anayemilikiwa au kusafirishwa kinyume cha sheria ya jimbo. Na sheria hiyo haibagui aliyezaliwa porini na aliyezaliwa kizimbani. Sikwambii kwamba mawakala watakuja kuvunja mlango kwa ajili ya kalunguyeye mmoja wa mtoto. Mara nyingi mambo huishia kwa kunyang'anywa. Nakwambia tu kwamba wewe ni muuguzi, leseni yako ya kazi ndiyo inayolisha nyumba, na mwenye leseni hapaswi kujitafutia jalada mahakamani kwa sababu ya mnyama wa nusu kilo.

Utaniuliza, kwani California inaogopa nini? Kiumbe kidogo hivi, hana hata meno ya kutisha. Jibu liko kwa ndugu yake wa Ulaya. Mwaka 1974 mtu mmoja alipeleka kalunguyeye wachache katika kisiwa cha South Uist, Scotland, wamsaidie kula konokono bustanini. Kisiwa hakikuwa na mnyama wa kuwala. Waliongezeka wakawa maelfu, wakagundua kwamba mayai ya ndege wanaotaga chini ni matamu kuliko konokono, na ndege wa ufukweni wakaanza kupungua vibaya. Mwaka 2003 serikali ilianza kuwaua, wapenda wanyama wakapiga kelele Uingereza nzima, na baadaye ikakubaliwa wakamatwe na kurudishwa bara wakiwa hai. New Zealand ina kisa hicho hicho tangu karne ya 19; walowezi walibeba kalunguyeye kutoka Uingereza ili wajisikie nyumbani, na leo wanahesabiwa miongoni mwa waharibifu wanaotegewa mitego.

Huyo ni wa Ulaya, mwenye uwezo wa kulala usingizi mzito majira yote ya baridi. Wa kwetu hana uwezo huo. Joto la chumba likishuka chini ya nyuzi 20 za selsiasi anaanza kuzubaa, na akipoa zaidi anaweza kufa. Kwa hiyo Pennsylvania inapomkataza, mimi hushangaa: baridi ya Januari pekee ingemmaliza kabla hajafika kwenye kiota cha ndege. California ni habari nyingine. San Diego haina tofauti kubwa ya hali ya hewa na nyanda zetu: jua, usiku wa ubaridi kidogo, wadudu mwaka mzima. Ukiniuliza ni mji gani wa Marekani kalunguyeye wa Nakuru angetoroka na kujenga ukoo, San Diego ningeitaja mapema. Sheria imekaza, ndiyo, na ningependa wafanye kama majimbo yanayotoa kibali cha bei nafuu na kuhesabu nani ana nini. Ila siwezi kusema wamekurupuka.

Sasa njia za mkato, maana najua utazisikia. Ya kwanza ni barua ya daktari inayosema mtoto anamhitaji mnyama kwa faraja ya moyo. Barua hiyo inaweza kukusaidia kwa mwenye nyumba katika baadhi ya mambo ya upangaji. Haiwezi kumgeuza mnyama haramu kuwa halali. Na kwa sheria ya nchi ya watu wenye ulemavu, mnyama wa huduma anayetambuliwa ni mbwa, na kwa masharti yake farasi mdogo. Kalunguyeye hayumo, hata afunzwe vipi.

Ya pili ni kumficha. Hii ndiyo wengi hufanya, na mitandaoni utakuta watu wa California wakijisifu. Nitakusimulia kilichonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu usiku na baba mmoja aliyehama na kalunguyeye wa watoto akamficha kwenye chumba cha nguo. Mnyama alikuwa amepoteza nguvu miguu ya nyuma, anayumba, hasimami. Kwa kalunguyeye wa kufugwa dalili hiyo yaweza kuwa ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, usiotibika, na yaweza pia kuwa ni baridi tu au jino bovu lililomfanya asile, mambo yanayotibika. Kwa simu huwezi kutofautisha. Nikamwambia ampeleke kwa daktari wa karibu. Akanyamaza. Hakuweza kumpeleka, kwa sababu kliniki ya kwanza aliyopiga ilimwambia haipokei mnyama asiyeruhusiwa jimboni, na ya pili aliogopa kuiuliza. Alikufa baada ya siku nne humo chumba cha nguo, na watoto walikatazwa kumsimulia mwalimu kwa nini wanalia.

Kama mngekuwa mnabaki Texas ningekujibu tofauti, na kwa faida ya wasomaji wengine walio kwenye majimbo yanayoruhusu, niseme machache. Mnunuzi hahitaji leseni ya serikali kuu. Anayehitaji ni mzalishaji. Chini ya sheria ya ustawi wa wanyama, wizara ya kilimo ya Marekani, USDA, inamdai leseni mtu anayezalisha na kuuza kalunguyeye akiwa na majike ya kuzalisha zaidi ya manne. Wenye majike manne au pungufu, wakiuza watoto wa hao tu, wamesamehewa. Leseni ni dola 120 kwa miaka mitatu na inakuja na ukaguzi. Kwa hiyo muuzaji akikwambia ana majike kumi na hana namba ya leseni, usiendelee na mazungumzo, hata kama anashusha bei. Soma pia mkataba wako wa kupanga. Sentensi ya "hakuna wanyama" haiishii kwa mbwa na paka, na amana yako ndiyo itakayolia.

Hapo kwenye mdogo wake Neema, umefanya vizuri kuuliza, kwa sababu hata pasipo sheria yoyote ningesita. Kalunguyeye anaweza kubeba vijidudu vya Salmonella tumboni akiwa mzima kabisa, anang'aa macho. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kimefuatilia milipuko zaidi ya mmoja iliyotokana na kalunguyeye wa kufugwa, na mwezi wa Januari 2019 kililazimika kutoa onyo kwamba watu wasiwabusu wala kuwakumbatia usoni. Ushauri wao kwa wanyama wa aina hii ni kuwaweka mbali na watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka mitatu hanawi mikono, anailamba.

Baba Neema, zamu yako.

Kwanza upande wa Kenya. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, haikuandikwa kwa ajili ya ndovu na kifaru peke yao. Mnyama wa porini ni wa porini, awe na tani sita au gramu mia tatu, na neno "nyara" katika sheria hiyo linamjumlisha mnyama aliye hai. Kwamba amelala chini ya ua wa mama yako hakumfanyi awe wa mama yako, kama vile swala akiingia shambani hawi mbuzi wa mwenye shamba. Kumweka au kumuuza bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa, na faini kwa kumiliki nyara bila kibali inaanzia shilingi milioni moja. Wako Wakenya wanaofuga wanyamapori kwa leseni: mamba, mbuni, nyoka, kobe, vipepeo. Ni biashara yenye ukaguzi, na aliye likizoni wiki tatu hawezi kuipata kwa kupita ofisini na picha ya pasipoti.

Najua unachotaka kusema: nani atanishtaki kwa kalunguyeye? Hebu kumbuka siafu. Mwezi wa Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji, hata miaka ishirini hawajafika, walikamatwa kaunti hiyo hiyo ya Nakuru wakiwa na wadudu chungu wapatao 5,000 kwenye vichupa vya maabara. Hawakuwa siafu kwa kweli, ni wale chungu wakubwa wavunaji wa mbegu, lakini mtaani kila mtu alisema siafu. Walijitetea kwamba ni burudani yao tu, hawakujua ni kosa. Mei 7 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Na hao ni chungu. Afisa aliyefunzwa kukagua vichupa vya wadudu hatashindwa kuona mpira wa miiba ndani ya begi, tena unaopumua.

Tuseme umevuka JKIA. Unatua Marekani, na huko kuna ukuta mwingine ambao hauhusu uhifadhi hata kidogo, unahusu ng'ombe. Kalunguyeye anaweza kuambukizwa ugonjwa wa miguu na midomo na kuubeba. Marekani haijauona ugonjwa huo tangu 1929, na wafugaji wao wanauogopa kama sisi tunavyoogopa nzige. Kanuni za wizara ya kilimo zinasema waziwazi kwamba kalunguyeye hawaingizwi kutoka eneo lolote lenye ugonjwa huo, na Kenya, kama Tanzania na Uganda, tunao. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna karantini ya kulipia. Ni hapana. Juu yake wanahofia kupe wa kwetu, ambao huweza kubeba ugonjwa wa moyo kujaa maji, ule unaoua ng'ombe na mbuzi. Na kwa kuwa mnyama ametolewa Kenya kinyume cha sheria ya Kenya, ile sheria ya Lacey niliyoitaja inarudi tena, maana inahusu na sheria za nchi za kigeni. Kwa hiyo huyo wa bure anakupa kesi Nairobi, kesi Marekani, na kama mngefika naye San Diego, ya tatu.

Kuna msomaji atasema: lakini kalunguyeye huyu hayumo kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hayuko hatarini kutoweka. Kweli kabisa, hayumo. CITES ni ngazi moja tu. Mnyama kutokuwemo humo kunamaanisha mkataba haudai hati zake. Hakufuti sheria ya nchi anakotoka wala ya anakokwenda. Hoja hii nimeisikia hata kwa watu wa mashirika ya usafirishaji, wanaopaswa kujua.

Walio Tanzania wasidhani wamepona. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inawaweka wanyamapori wote mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na ndiyo maana mahakamani mnasikia "nyara za serikali". Huko pia nyara ni mnyama aliye hai au aliyekufa. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na wafanyabiashara wa ndege, mijusi na kobe waliachwa na mizigo mikononi. Anayetaka kuanzisha shamba au bustani ya wanyamapori anaanzia TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania. Ukimwokota kalunguyeye uani, mwache aende zake. Akiwa ameumia, piga simu ofisi ya wanyamapori iliyo karibu kabla hujamwingiza ndani, ili kuwe na kumbukumbu kwamba uliripoti.

Waliohamia Ulaya nao huniuliza, kwa kuwa wanamwona bustanini jioni. Huyo wa bustanini ni wa Ulaya na hafugwi. Ujerumani, kwa mfano, sheria yao ya hifadhi inaruhusu kumchukua aliyejeruhiwa au mgonjwa kwa ajili ya kumuuguza tu, na akipona lazima aachiwe. Uingereza nao wanamlinda, hasa sasa: Oktoba 2024 aliingizwa, katika orodha ya kimataifa ya IUCN, shirika la uhifadhi, kwenye kundi la wanaokaribia kuwa hatarini. Yule wa kwetu mwenye vidole vinne ndiye wanayeruhusu madukani. Ndiyo, mambo yamegeuka: Mwingereza hafugi wake, anauziwa wetu.

Turudi kwa Neema. Kama mmeshatoa amana kwa huyo muuzaji, mpigie leo, mwambie ukweli kwamba mnahamia California. Mzalishaji mwenye leseni atakuelewa, maana hata yeye akijua unampeleka huko na akuuzie, anajiweka pabaya. Kama tayari mmeshamleta nyumbani na swali lako lilikuwa la kunipima, basi mtafutieni nyumba hapo Texas kabla ya mwezi wa sita. Mimi ningeanza kumuuliza yule rafiki wa darasani. Wazazi wake wameshazoea joto la kizimba na chakula. Msimwachie uwanjani mkidhani atajitafutia. Hatajitafutia, na kumtelekeza mnyama ni kosa Texas pia.

Huko San Diego, kama mtoto bado anataka kitu cha kushika, simbilisi (guinea pig) wanaruhusiwa. Wafuge wawili, si mmoja, kwa sababu mmoja hunyong'onyea kwa upweke, na wote wawe majike, isipokuwa kama unataka kunirudia na swali la simbilisi kumi na wanne. Hao wana kelele za furaha wakisikia mlango wa jokofu, jambo ambalo kalunguyeye hatakupa kamwe. Yeye mchana kutwa amelala wakati Neema yuko shuleni, na akiamka usiku Neema yuko kitandani.

Na Desemba nendeni Nakuru. Mvua za vuli zinakuwa zimetoka kupita, wadudu wapo. Mwombe mama mkwe awaonyeshe sehemu ya ua yenye majani makavu yaliyorundikana, na saa mbili usiku Neema atoke na baba yake, viatu vya kufunika vidole, na tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu ili isimuumize macho. Wasimame upande upepo unakokwenda, wasizungumze. Kabla hawajamwona watamsikia: hupumua kwa kishindo kama mzee mwenye mafua, na hutafuna mende kwa sauti. Akijikunja, wazime tochi na wahesabu hadi mia mbili. Atajikunjua mwenyewe na kuendelea na chakula chake.